Upana wa Mtu Mmoja

Mama alitoa wasia wake huku anapepeta mchele. Hakulala kitandani, hakuita watu, hakushusha sauti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, ungo mkononi, makapi yanampeperukia usoni, na mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa anapita na mtungi kwenda kisimani. Akamwita asimame awe shahidi. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nachonga mpini wa jembe, akaniambia kwamba akifa nisimzike huku. Nimpeleke ng'ambo, penye mchanga, alazwe ubavuni mwa baba. Nikimzika huku, radhi zake sina.

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Unaweza kukosa shamba, ukakosa watoto, na bado watu wakakuita mtu. Lakini asiye na radhi za mama yake hata akipanda muhogo huota mizizi ya kumcheka. Mwalimu, ambaye alikuwa mpole kupita kiasi, akajaribu kumtuliza. Akasema ardhi yote ni ya Mungu na kaburi popote ni kaburi. Mama hakuacha kupepeta.

"Ardhi yote ni ya Mungu, mwalimu," akasema, "lakini mume wangu yuko upande ule."

Mwalimu akajitwika mtungi wake akaenda zake.

Kitongoji chetu kilikuwa kaskazini ya Bagamoyo, upande wa Makurunge, nyumba chache zilizozungukwa na mihogo na mpunga. Msikiti na makaburi ya wazee wetu vilikuwa ng'ambo, juu ya kijilima cha mchanga, na kati yetu na kijilima hicho palikuwa na kinamasi. Sisi tulipaita Topeni. Mtu akiita kwa nguvu upande huu husikika upande ule, kwa hiyo si kwamba palikuwa mbali. Wakati wa kiangazi tulipita, tope la magotini, kila mtu akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Masika yakiingia hapakupitika. Mtumbwi haukuelea kwa sababu maji yalikuwa machache na manyasi mengi, na mguu haukusimama kwa sababu chini hapakuwa na chini. Aliyekuwa na shida ya mjini alizunguka kwenye miinuko kutwa nzima, na maiti hawezi kuzungushwa kutwa nzima.

Nasema habari za miaka michache kabla ya Wadachi kupandisha bendera yao Bagamoyo. Misafara ya bara ilikuwa na njia yake, mbali na sisi, na hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kuchafua miguu yake Topeni. Kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba pale panahitaji njia.

Masika yaliyotangulia wasia huo alikufa mke wangu. Alipata homa siku tatu, ya nne akafa. Akaoshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa, nasi tukamchukua tumpeleke ng'ambo kama desturi. Mimi nilikuwa mbele, kulia. Kaka yake alikuwa nyuma. Tuliingia matopeni tukasonga hatua chache, kisha aliyekuwa kushoto kwangu akazama hadi kwenye paja, jeneza letu la miti, lisilo na kuta, likainama, na upande wa miguu wa sanda ukagusa tope. Nililiona tope lile likipanda kwenye kitambaa cheupe. Nikasema turudi. Kaka yake akasema twende, tope halimdhuru aliyekufa. Nikasema turudi, na kwa kuwa mimi ndiye mume, tukarudi. Tukamzika kwenye tuta kavu ukingoni mwa shamba letu la mpunga, peke yake, hana jirani. Shemeji yangu alisaidia kufukia. Asubuhi yake aliondoka bila kula, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena kwetu.

Tangu siku ile nikafa ganzi. Sijui neno jingine. Sikulia siku ya maziko, sikulia kwenye hitima ya siku ya tatu, wala arobaini ilipofika. Wanawake walisema nina roho ya jiwe, nami nikaona wamesema kweli, sikuwachukia. Nilikula nikipewa. Wakati wa kulima nililima. Siku moja nilikanyaga mwiba wa mgunga nikajua nimekanyaga kwa kuona damu kwenye jani. Niliitazama damu ile muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kwa hiyo mama aliponitajia radhi, natamani ningeweza kusema niliogopa. Sikuogopa. Nilichojua ni kwamba mama yangu hakuwa mtu wa kusema neno mara moja, na kwamba nitalisikia hilo asubuhi na jioni mpaka mmoja wetu azikwe. Na kweli. Akinipa uji, ananiuliza nitampitisha wapi. Nikirudi shambani, ananiuliza kama miguu imezama. Nikamwambia, "Mama, hujafa bado," akajibu kwamba hata embe kabla ya kuanguka huonekana limeiva.

Wazo lilinijia mjini, nilipokwenda kuuza mchele. Palikuwa na nyumba ya mawe inajengwa na watu walikuwa wanapigilia dari. Ambaye hajaona kazi hiyo nitamweleza. Hulazwa boriti za mkoko, moja kando ya moja, juu yake mawe madogo, juu yake changarawe na chokaa, kisha watu husimama safu kwa safu na vibao wakapigilia siku nyingi, wanaimba, mpaka ile dari inakuwa jiwe moja. Nikasimama kivulini nikawatazama. Nikafikiri kwamba dari ni sakafu iliyowekwa juu ya hewa. Topeni nako ni hewa, ila yenye maji. Basi kama mtu anaweza kuwekea hewa dari, na tope linaweza kuwekewa.

Nilirudi nikamwambia mama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyezungumza, kisha akauliza boriti nitazipata wapi. Alilijua jibu. Mkata boriti niliyemjua ulimwenguni alikuwa mmoja, naye ni shemeji yangu, aliyekuwa anaishi upande wa Mbegani na kukata mikoko kwenye vijito vya huko. Nilikaa siku tisa nikitafuta sababu za kutokwenda, nikazikosa, nikaenda.

Nilimkuta amesimama kwenye maji, anabandua magome ya mkoko kwa mundu. Nikamwamkia. Akaniitikia kwa ukamilifu, habari za nyumbani, za mama, za jirani, za shamba, za mbuzi, zote alizimaliza kama adabu inavyotaka, na mara zote hizo hakuniangalia. Nikamweleza wasia wa mama na wazo langu la dari. Mundu wake ulikuwa unaendelea kupanda na kushuka. Nilitegemea anitukane. Badala yake akauliza boriti ziwe na urefu gani.

Nikamwonyesha kwa mikono. Mikono miwili, nikasema, upana wa mtu na mzigo wake. Akapima kwa kiganja chake, akatikisa kichwa kukubali. Akasema hizo ni za mama, nisizungumze habari ya malipo, na mashua itazileta mwezi ujao.

Tulianza baada ya mavuno, tope lilipokauka kidogo juu. Kitongoji kizima kilisaidia, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu mzee, na kila mzee alikuwa ameanza kuuliza maswali ya mama. Haikuwazuia kunitania. Walisema nimefiwa na mke nikafiwa na akili. Mwanamke mmoja wa nyumba ya mwisho, hodari wa kutunga nyimbo, akatoa wimbo kwamba chura kajengewa dari mvua isimnyeshee, na wimbo huo ukaimbwa miezi mitano, mpaka watoto walioanza kusema wakaanza nao.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza tulitandaza makuti, tabaka juu ya tabaka. Juu ya makuti tukalaza boriti kwa kukingama. Juu ya boriti udongo mwekundu, na juu ya udongo changarawe kutoka kwenye kilima nyuma ya mihogo, tuliyoichimba kwa majembe na kuibeba kwa makanda na pakacha. Tulikwenda mstari mmoja, mzigo kichwani, tunamwaga, tunarudi. Wanawake walileta michi yao ya kutwangia wakapigilia. Sehemu ya kwanza, yenye urefu kama wa nyumba tatu, ilipendeza kweli. Nilipofika asubuhi ya pili haikuwapo. Palikuwa na maji yaliyotulia, na changarawe chache zimenasa kwenye manyasi.

Tukaweka tena, ikazama tena. Mara ya tatu watu waliacha kuimba. Mimi niliendelea kubeba makanda kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya na mwili wangu, na kuzama kwa njia hakukuniumiza zaidi ya kitu kingine chochote. Baadaye waliniambia walidhani ni ushujaa.

Shemeji alikuja na mzigo wa pili wa boriti. Hakuwa na nia ya kukaa, nadhani. Alisimama ukingoni akatazama maji pale palipokuwa na njia yangu, akauliza makuti niliyotandaza yalikuwa mabichi au makavu. Nikasema makavu, tulibomoa mapaa ya zamani. Akavua kanzu. Akasema tope la chini halishiki kitu kikavu, linakimeza tu. Mikoko yenyewe husimama matopeni kwa sababu ina mizizi iliyotapakaa, basi na sisi tuweke matawi mabichi yenye majani yake, yaliyosukana, tuyaache yalale siku saba kabla hatujaweka hata kanda moja la changarawe juu yake. Halafu boriti ndefu kwa urefu wa njia, ndipo zile fupi zikingame.

Tukafanya hivyo. Siku ya saba matawi yalikuwa yamezama kiasi cha shubiri na kusimama. Tukaweka boriti, zikasimama. Tukaweka udongo na changarawe, pakalia kidogo chini, kisha pakanyamaza. Mwanamke wa nyumba ya mwisho alipanda juu akaruka mara tatu kwa matako yake yote, na njia ikamvumilia. Wimbo wa chura ukarudi.

Shemeji alikaa kwetu toka siku hiyo. Alilala kwa mwalimu, hakulala kwangu. Tulifanya kazi bega kwa bega miezi mingine minne na sidhani tulizungumza lolote lisilokuwa la kazi. Lete. Shika. Bado. Inua upande wako. Nilimwona mara moja, wakati wa chakula cha mchana, amekwenda peke yake hadi ukingoni mwa shamba la mpunga, amechutama pale penye tuta, anang'oa magugu. Alirudi akanawa mikono akachukua jembe. Nilijua ningestahili kuwa na neno la kumwambia. Nililitafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko uliotoboka.

Mama alikuwa anakonda. Kifua kilimbana, akawa hapepeti tena, anakaa tu kwenye kigoda na kuuliza tumefika wapi. Tumefika kwenye matete, mama. Tumefika katikati. Tumeona mchanga. Siku tuliyomwaga kanda la mwisho upande wa ng'ambo, watu walikuwa wanavuka kwenda na kurudi kwa raha ya kuvuka tu. Mwalimu alivuka na viatu vyake miguuni. Kesho yake mama akasema atakwenda kuiona.

Alivaa kaniki mpya, akachukua fimbo, akakataa kushikwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na shemeji nyuma yangu, na nyuma yetu kitongoji kizima, mtu nyuma ya mwenzake. Alikwenda polepole. Aligonga changarawe kwa fimbo kila hatua chache kama anayegonga nazi kusikia kama ina maji. Nilifikiri atafurahi. Alipofika kama theluthi ya njia akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha mikono yake yote miwili. Vidole vyake vilikuwa juu ya tope pande zote mbili.

"Mwanangu," akasema, "jeneza langu litapita wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia litapita hapa hapa, ndiyo kazi ya njia.

"Wanaolibeba ni wangapi?"

Nikasema wanne. Na nilipokuwa nalisema, nikaliona.

Wawili mbele, wawili nyuma, bega kwa bega. Na si hao wanne tu, kwa maana jeneza kwetu halibebwi na watu wanne. Kila mwanamume anataka thawabu ya kulitia bega, kwa hiyo hujazana pande zote, huyu anampokea yule, hatua tatu nne umeshatolewa na mwingine ameingia. Ni msongamano unaotembea. Mimi nilikuwa nimewajengea njia ya kupita mguu mbele ya mguu. Nchi yetu nzima ilikuwa hivyo. Vijia vyote vya mashamba ni vya mtu mmoja, na hata misafara ya bara, watu mia kwa mia, hupita mmoja nyuma ya mwingine kama siafu. Mtu akikuambia njia, ndiyo hiyo unayoiona kichwani. Miezi yote ile tulibeba changarawe kwa mstari, tukarudi kwa mstari, na katika vichwa vyote vile hakuna kimoja kilichoona. Mkata boriti alipima kwa kiganja chake akakubali. Mimi niliyekuwa nimebeba jeneza matopeni, nikamwona mwenzangu wa kushoto anazama, mimi ndiye niliyesema mikono miwili.

Shemeji alicheka. Alianza taratibu, kisha akachutama juu ya changarawe akacheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wote nyuma yake wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini, habari ikawa inapelekwa nyuma kinywa kwa kinywa, na kila ilipofika watu walicheka upya. Mama naye akacheka akakohoa. Mimi nilitazama miguu yangu, ilivyotosha vizuri kwenye ile njia.

Tulianza kupanua siku iliyofuata. Shemeji alirudi Mbegani kukata boriti za mikono mitano, nasi tukaanza kutoka upande wetu, tukisuka matawi kandokando. Lakini matawi yalitaka siku zao saba na masika hayakutaka kutungoja. Tulipokuwa tumepanua chini ya theluthi, mpaka pale pale mama aliponyoosha mikono, mvua ilishuka na haikupumzika. Mashua ya boriti haikuweza kuja. Nikamwambia mama kazi iliyobaki ni mpaka kiangazi. Akasema basi atajitahidi kufa kiangazi.

Hakuweza. Mvua zilipokuwa na wiki ya tatu, asubuhi moja alikunywa uji nusu kikombe, akaniambia umeungua kidogo, akaegemea ukuta. Nilikwenda nje kumwaga uliobaki. Niliporudi alikuwa ameshakwenda.

Nilifanya yote yanayofanywa. Nilimfumba macho, nikatoka kuwaita wanawake, nikachimba mfereji wa maji ya kuoshea. Sikuhisi kitu. Nilikuwa najitazama kama jirani anavyomtazama jirani. Shemeji alikuwa amezunguka na njia ya miinuko siku mbili kabla, kuleta habari za boriti, na mvua ikamzuia, kwa hiyo alikuwapo. Kuna waliosema azikwe hapa hapa. Nilikwenda Topeni kutazama. Maji yalikuwa yamejaa pande zote, yamefunika matete, na katikati yake njia ilikuwa imelala, shubiri moja juu ya maji, nyekundu. Nikarudi nikasema tunavuka.

Tukamswalia uani baada ya adhuhuri, mvua ikiwa imepungua ikawa manyunyu. Theluthi ya kwanza ilikwenda kama maziko yoyote. Wanne wanne, wanapokeana, nilitia bega nikatolewa, nikatia tena nikatolewa. Jeneza lilikuwa linakwenda lenyewe juu ya mabega ya watu. Kisha mabega yakasimama, kwa sababu changarawe pana ilikuwa imekwisha.

Mwalimu akasema hakuna njia nyingine: mmoja mbele, mmoja nyuma, kila mmoja aingie katikati ya mikono ya jeneza aishike kwa viganja, libebwe chini kama kitanda. Wazee wawili walinung'unika kwamba jeneza hubebwa begani. Mwalimu akawaambia wachague, viganja au tope. Nikaingia mbele. Sikutazama nani ameingia nyuma, lakini nilipoinua nilijua kwa jinsi upande wa pili ulivyoinuka pamoja nami, kwa kuwa tulikuwa tumeinua boriti pamoja miezi minne.

Mama hakuwa na uzito. Ndivyo nilivyofikiri hatua ishirini za kwanza. Alikuwa ameliwa na kifua chake mpaka akabaki mifupa. Lakini mzigo usiopokelewa si sawa na mzigo unaopokelewa. Katika maziko yote niliyopata kuhudhuria sikuwahi kubeba maiti zaidi ya hatua tano, hakuna aliyewahi. Tunapokeana upesi kiasi kwamba hakuna mtu anayejua maiti ana uzito gani. Sasa nyuma yetu walikuwa wamefuata wanaume wote wa kitongoji, mstari mmoja, wanaleta tahlili, wote wanataka kunipokea, na hakuna aliyeweza kunipita. Kulia maji, kushoto maji. Upana ule niliupima mwenyewe.

Katikati ya njia vidole vilianza kufunguka. Mabega yakawaka moto, kisha mgongo, na nikashangaa, kwa maana ulikuwa muda mrefu sijaumwa na kitu. Kwetu hawapendi jeneza litue njiani kabla ya kaburi. Hata hivyo nilisimama. Nikafungua kinywa niseme tutue, au niseme turudi, sijui ningelisema lipi. Tahlili nyuma ikanyamaza. Mvua ikasikika juu ya maji.

Shemeji akasema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo, ya mimi na yeye tu, "Shemeji, mara hii haturudi."

Nikatembea. Na nilipotembea nikaanza kulia. Sikulia kwa heshima, kama mwanamume anavyotakiwa. Nililia kwa sauti, kamasi na machozi vinashuka, mikono haina nafasi ya kufuta, na hakuna pa kujificha kwa kuwa nilikuwa mbele ya watu wote. Nilimwona mke wangu. Nilimwona na sanda yake yenye tope miguuni, hatua chache tu ndani ya kinamasi, nikaona jinsi palivyokuwa karibu, na jinsi mtu anavyoweza kubeba zaidi ya anavyodhani akikosa mtu wa kumpokea. Niliumia kila mahali palipokuwa na ganzi, kwa pamoja. Nilimlilia yeye njia nzima iliyobaki, nikiwa nimembeba mama yangu.

Watu wa ng'ambo, tuliowaita kwa sauti tangu asubuhi wakachimba kaburi, walikuwa wamesimama kwenye mchanga wanatungoja. Walitupokea kwa mabega yao, na wazee wakanizunguka wakanipa pole, wakasema wameona mengi ila hawajaona mtoto aliyempenda mama yake kiasi hicho, na kwamba radhi nimezipata zote. Nikaitika. Sikuwaambia.

Vidole vyangu vilikuwa vimejikunja havifunguki. Shemeji akaja akashika mkono wangu mmoja, akaanza kuvinyoosha, kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu.

"Tungeijenga mwaka ule," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Akamaliza mkono wa kwanza akachukua wa pili, kisha nikashuka kaburini kumpokea mama.